Injini ikishashuka usirudishe beringi za zamani: WRX yangu ilivyonifia Mikese

Mkuu, simamisha hiyo kazi. Mpigie fundi wako sasa hivi kabla hajaanza kurudisha injini, halafu ndiyo urudi kusoma.

Umeandika una Subaru Impreza WRX ya 2003, klachi inateleza, injini imeshuka tangu jana, na fundi anakwambia belti ya taimingi (ile inayofanya valvu na pistoni ziende kwa zamu) "bado nzima, tusiiguse". Unauliza umsikilize au la. Hilo limenishtua, maana maneno hayohayo niliambiwa mimi mwaka 2023 na nikayakubali.

Yangu ilikuwa ya 2002, injini EJ205, ile ya tabo. Iliingia gereji kwa klachi kama yako. Injini ikaning'inizwa kwenye mnyororo, uso wote wa mbele uko wazi, hakuna rejeta wala feni ya kukuzuia mkono. Nikamuuliza fundi, vipi taimingi? Akafungua kifuniko, akamulika na simu, akaniambia angalia mwenyewe, hata maandishi ya belti bado yanasomeka. Halafu akanionyesha stika ya gereji ya Japani iliyobandikwa ndani ya boneti: H22.5, na chini yake kilometa 98,000 na kitu. Akasema, "Bosi, hii ilibadilishwa 2022 mwezi wa tano, haina hata miaka miwili. Kizima ukikigusa unajitafutia ubovu." Dashibodi ilikuwa inasoma 121,000. Hesabu ikaonekana imekaa sawa. Nikalipia klachi, nikaondoka.

Sasa sikiliza vizuri. Ile H si mapambo. Wajapani huhesabu miaka kwa enzi za wafalme wao. Enzi ya Heisei ilianza 1989, kwa hiyo ukiona H na namba, jumlisha 1988. Heisei 22 ni mwaka 2010! Belti yangu ilikuwa na miaka kumi na tatu. Na stika ilitaja belti tu. Beringi zake, yale magurudumu madogo ambayo belti inapitia, huenda zilikuwa zilezile zilizotoka na gari kiwandani. Mtu anayefungua magari ya Japani kila siku, anayepokea hela za watu kwa kazi hiyo, anasomaje stika kwa kubahatisha? Hilo mpaka leo linanichoma kuliko hela yenyewe.

Dalili zilikuja, nami sikuzijua. Asubuhi nikiwasha ilikuwa inalia kisauti chembamba mbele ya injini, kama kifaranga, dakika mbili tatu, ikipata moto kinanyamaza. Nikampigia fundi, akasema ni belti ya altaneta, nipulizie maji. Nikapulizia maji.

Baada ya kama kilometa 6,000 nikawa natoka Dar kwenda Morogoro na familia. Tunakaribia Mikese, taa zote za dashibodi zikawaka kwa pamoja, usukani ukawa mzito, injini kimya. Hakuna mlipuko, hakuna moshi. Nikapiga stata: injini ikazunguka haraka na kwa wepesi, kama feni, bila ule mkazo unaoujua. Fundi kwenye simu akasema jaribu tena. Nikajaribu mara tatu. Ukisikia injini inazunguka kwa wepesi huo, toa ufunguo, usiguse tena, kwa sababu hiyo ni kompresheni imepotea, na kila ukipiga stata unazidi kugonganisha vyuma.

Gari likavutwa zaidi ya kilometa 150 kurudi Dar. Tulipofungua, belti haikuwa imekatika. Ilikuwa imenyolewa meno sehemu moja, kama kiganja kizima hivi. Aliyeinyoa ni ile beringi moja yenye meno, iliyo karibu na pampu ya maji. Ilikuwa imegoma. Grisi yake imekauka, ikatoka unga wa kahawia kama ugoro, na chuma chake kimegeuka rangi ya bluu kwa joto. Kwenye injini hii pistoni na valvu hupita nafasi moja kwa zamu, na belti ndiyo inayogawa zamu. Ikiruka, zinakutana. Kati ya valvu 16, kumi na moja zilikuwa zimepinda.

Kwa hiyo injini ikashuka tena. Hedi zote mbili kwa watu wa mashine, valvu, gasketi, sili, kazi ya fundi mwingine, na mvuto wa gari. Ilinigharimu karibu mara nane ya bei ya seti ya belti na beringi zake ambayo sikuinunua. Yule wa kwanza hakuwahi kunipa hata pole.

Ndiyo maana nakwambia: injini ikiwa nje, kila kinachoguswa na belti ya taimingi kinabadilishwa chote. Belti, beringi zote tatu, tenshena (ile inayokaza belti) na pampu ya maji. Usikubali belti peke yake, hiyo ndiyo mbaya zaidi kwa sababu inakupa amani ya uongo. Seti kamili za Aisin, kampuni ya Japani ya vipuri, zinapatikana, muuzaji akupe boksi lenye vyote. Kama fundi anang'ang'ania tenshena ya zamani aibane kwenye jiliwa airudishe, mkatalie. Ile inatakiwa ibanwe taratibu, zaidi ya dakika tatu, ikiwa imesimama wima, na sijaona fundi mwenye subira hiyo. Yako ni manyuo (gia za mkono), kwa hiyo hakikisha vile vibati vinavyozuia belti isiruke vinarudi, na nafasi yake na belti ni kama milimita moja. Wengi huvitupa.

Wakati uko hapo, mwambie akaze skrubu za nyuma ya pampu ya oili, huwa zinalegea zenyewe. Na kile kisahani cha nyuma ya bloku, kama ni cha plastiki weka cha chuma.

Usimwache akwambie "tutafanya safari ijayo". Safari ijayo unalipia kufungua upya. Leo unalipia vipuri tu.

Nenda gereji sasa, fungua boneti, tafuta stika. Ukiikuta piga picha uiweke hapahapa, nitakusomea mwaka.