Anakimbilia ofisi gani, na nani anamfukuza?

SWALI: Msomaji wetu anayeishi Greensboro, North Carolina, ameombwa akipitie kipeperushi cha uchaguzi kilichofasiriwa kwa ajili ya majirani zake waliotoka Kongo. Ndani yake mna sentensi hii: "Mgombea huyu anakimbia kwa ofisi ya leba ya jimbo." Anauliza kama "leba" ni sahihi, au angeandika "kazi".

JIBU: Ndugu msomaji, kabla hatujachagua kati ya kazi na leba, tumsimamishe kwanza huyo anayekimbia.

Katika Kiswahili mtu hukimbia mvua, hukimbia deni, hukimbia vita. Na akikimbilia mahali, hapo ndipo kimbilio lake, pa kujisitiri na kinachomfukuza. Kwa hiyo msomaji wa kipeperushi, ambaye huenda yeye mwenyewe aliingia Marekani akiwa mkimbizi na analijua neno hilo kuliko mfasiri, ataelewa kwamba mwanasiasa huyu amefikwa na zito, akaamua kujificha ofisini. Atamwonea huruma, ila kura ni habari nyingine. Baya zaidi ni hilo "kwa". Watu hukimbia kwa miguu. Anayekimbia kwa ofisi ameigeuza ofisi kuwa baiskeli.

Kosa limetoka kwenye Kiingereza: Waingereza husimama ("stand") wanapotaka kuchaguliwa, Wamarekani hukimbia ("run for office"), na kila mmoja ana uhuru na miguu yake. Sisi tunagombea. Neno hili limetokana na "gomba", lililotupa pia ugomvi na kugombana, likatiwa kiambishi cha kutendea na kupata maana ya kushindania kitu. Wala halitaki msaada wa "kwa": mtu hugombea urais, hugombea ubunge, hugombea ukamishna. Anayeandika "kugombea kwa urais", nao ni wengi, na baadhi yao hulipwa mshahara kwa kuandika, amewaondoa wakimbiaji lakini vumbi lao ameliacha.

Ofisi nayo, kwetu, ni mahali penye meza, kiti na mtu aliyetoka kidogo. Kinachogombewa si chumba hicho bali cheo, na cheo chenyewe kina jina: Kamishna wa Kazi. North Carolina ni moja ya majimbo manne tu ya Marekani ambayo wananchi humchagua kamishna huyo kwa kura zao. Mengine ni Georgia, Oklahoma na Oregon. Idara anayoiongoza hushughulikia usalama kazini na hukagua hata lifti. Cherie Berry, aliyeushika ukamishna huo kuanzia 2001 hadi 2021, aliiweka picha yake kwenye vyeti vya ukaguzi vinavyobandikwa ndani ya lifti, na watu wasiojali siasa hata chembe wakaijua sura yake. Mwaka 2024 Luke Farley wa chama cha Republican alishindana na Braxton Winston wa Democratic, akashinda. Wote wawili waligombea ukamishna, na hapakuwa na haja ya kumkimbiza yeyote.

Leba iachwe hospitalini. Tanzania na Kenya, ukitaja leba watu hufikiria wodi ya kujifungulia, na Kamishna wa Leba atadhaniwa kuwa mkuu wa wakunga. Sema kazi. Kwenye "jimbo" pana mtego mdogo, kwa sababu aliyezoea siasa za Tanzania husikia eneo la mbunge mmoja, ilhali hapa wapiga kura wa kaunti zote 100 wanahusika. Taja jina la jimbo na uongeze "zima".

Sentensi yako basi iwe hivi: "Huyu anagombea cheo cha Kamishna wa Kazi wa North Carolina, na watakaoamua ni wapiga kura wa jimbo zima." Majirani zako wakisema "kandida", walilolipata kwenye Kifaransa, waache nalo, kwani lina wenyewe na halimpotoshi mtu. Hata "mbio za urais" nimechoka kuzipiga vita. Zimeshaingia magazetini na hazitoki, na angalau hazijamfungia mtu ofisini. Lakini kipeperushi hicho usikipitishe mpaka "anakimbia kwa ofisi" ifutwe.