Uchakavu wa jahazi si fizikia

La, ndugu unayedai uchakavu wa jahazi ni kanuni ya fizikia. Kushusha thamani ya jahazi kwa asilimia ileile ya salio kila mwaka hakuwi kanuni ya maumbile eti kwa kuwa fomula inafanana na ya kupungua kwa urani, madini ya nyuklia yanayopungua yenyewe. Kasi ya kupungua kwa urani hupimwa, haichaguliwi na mtu. Ya uchakavu wa jahazi hukadiriwa, na IAS 16, kanuni ya kimataifa ya uhasibu wa mali za kudumu, yataka muda wa matumizi uangaliwe upya angalau kila mwisho wa mwaka wa hesabu. Vitabu vya hesabu vya wenye vyombo hapa Lamu ndiyo kazi yangu, makadirio hayo huyabadilisha sana. Ila mlinganyo wa uhasibu, mali = madeni + mtaji, ni hisabati tupu: jahazi lizame Shela au lisizame, pande mbili zitalingana tu.