Fua Kitambaa Kwanza, Nta Baadaye

Jumanne iliyopita mdogo wangu alishuka Kilimanjaro kwa njia ya Mweka, matope hadi magotini, na kabla hajavua viatu nikawa nimeshampokonya begi. Yeye ni mgumu, ndivyo tunavyowaita wapagazi wa mlimani, anabeba mizigo ya wageni, na safari hii mvua ya masika iliwanyeshea tangu lango la Machame hadi kambi ya Shira. Nilikuwa nimempa kava la begi nililoshona na kulipaka nta mwenyewe, na katikati ya nguo zake nilificha kiberiti ndani ya soksi. Nikakitoa, nikachomoa njiti moja, nikapiga. Ikawaka hapo hapo. Ndugu zangu, nililia barazani mbele ya majirani.

Wiki hiyo hiyo kijana mmoja wa Sakina, Arusha, aliniandikia: "Shikamoo dada. Nataka kutengeneza turubai lisilopitisha maji la kufunikia biashara yangu. Naomba fomula." Marahaba, mdogo wangu. Fomula nitakupa, ila nisikilize kwanza, maana mimi nami nilianza kwa kutafuta fomula, na ikaniponza.

Miaka mitatu iliyopita kampuni moja ya utalii hapa Moshi iliniagiza makava 30. Nilikuwa nimezoea kushona sare za shule, kwa hiyo oda ile niliiona kama mlango wa riziki umefunguka. Nikanunua kaki ya bei nafuu, nikayeyusha mishumaa ya dukani, nikapaka usiku na mchana. Yalipendeza mno. Ukiyamwagia maji pale uani, yanateleza kama kwenye jani la mgomba. Nikayapeleka kifua mbele.

Siku nane baadaye yalirudishwa yakiwa kwenye kiroba. Mishumaa ile ni nta ya parafini, na nta hiyo ikipigwa na baridi hukakamaa na kukatika. Kambi ya Barafu iko mita 4,673 juu ya usawa wa bahari, na usiku maji huganda kwenye chupa. Kila kava lilipokunjwa palitoka mistari myeupe, mipasuko kama ya ukuta wa udongo, na maji yakapita humo humo. Mifuko ya kulalia ya wageni ililowa. Sikulipwa hata senti, na wagumu waliobeba mabegi yale wakakatwa malipo yao, akiwemo mdogo wangu huyu. Hakunilaumu hata kwa neno moja. Hilo ndilo lililoniuma, na bado linaniuma ninapoandika.

Nilihangaika karibu mwaka mzima, na sitawachosha kwa vipande vyote nilivyoharibu. Nilichokuja kugundua ni kwamba mishumaa ilikuwa kosa la pili. Kosa la kwanza lilikuwa kitambaa chenyewe. Kaki ile ilichanganywa na tetroni, yaani poliesta. Pamba ikilowa, nyuzi zake huvimba na kusaidia kuziba matundu ya sindano na nafasi kati ya nyuzi, tetroni haivimbi. Siku hizi nikiingia dukani naomba nyuzi chache za pembeni, natoka nazo nje, naziwasha. Za pamba hunuka karatasi iliyoungua na kuacha majivu laini yanayopotea ukiyasugua kidoleni. Za tetroni huyeyuka, hujikunja, na kuacha kidonge kigumu cheusi. Ukikosa kaki ya pamba tupu, marekani nzito inafaa sana, kile kitambaa kilichopewa jina hilo kwa sababu kililetwa Unguja na merikebu za Wamarekani katika karne ya 19.

Halafu kilikuwa na wanga. Kitambaa kipya hutoka kiwandani kimetiwa wanga ili kisimame vizuri, na nta ukiipaka hapo inakaa juu tu, haiingii kwenye uzi. Kifue kwa maji ya moto na sabuni, mara mbili, usitie dawa ya kulainisha nguo, suuza mpaka maji yatoke angavu, kisha kianike kikauke kabisa. Vijana wengi wanaoniuliza wanataka kuruka hapa. Usiruke. Mimi niliruka, na gharama yake nimeshaisimulia.

Nta yangu ni hivi: nta ya nyuki sehemu mbili, nta ya parafini (ile ya mishumaa) sehemu moja, na kijiko kikubwa cha mafuta ya kitani kwa kila robo kilo ili kitambaa kisikakamae. Nta ya nyuki huyeyuka kwenye nyuzi joto 63 hivi, kwa hiyo weka sufuria ndogo ndani ya kubwa yenye maji ya moto, inatosha. Usiiweke moja kwa moja juu ya moto, inaweza kuwaka. Tandaza kitambaa juani, paka kwa brashi, kisha funika kwa kitambaa chakavu na upitishe pasi. Mimi natumia pasi ya mkaa, na nahakikisha makaa yameiva, hayarushi cheche. Hapa ndipo ninapopapenda kuliko pote. Unaona ule weupe wa nta unazama na kaki inageuka rangi taratibu, kama udongo unaonywa mvua ya kwanza. Pasipogeuka rangi, nta haijaingia, rudia. Mita moja hunywa gramu 100 hivi, nzito zaidi hunywa zaidi. Kianike kivulini siku kadhaa.

Matambara yaliyolowa mafuta ya kitani usiyarundike kwenye kona. Yanapata joto yenyewe na yanaweza kuwaka moto bila kiberiti. Yatandaze nje moja moja, au yatumbukize kwenye ndoo ya maji. Na wewe kijana wa Sakina, hukuniambia unauza nini. Kama ni chipsi au chochote chenye jiko, turubai hili halikufai, kwa sababu kitambaa cha nta kinashika moto upesi.

Mishono nayo, ikunje mara mbili kama ya jinzi, tumia uzi wa pamba, kisha sugua bonge la nta juu ya kila mstari na uupashe moto kwa pasi. Huko ndiko maji yanakoanzia kupenya.

Kabla hujamuuzia mtu, funga kipande juu ya ndoo tupu kikiwa kimelegea katikati, mimina lita moja ya maji, ukalale. Asubuhi pitisha kidole kwa chini. Kidole kikitoka na unyevu, kwanza kichome kile kipande pembeni uone kama kweli ni pamba, kisha nieleze ulikifua mara ngapi.

Mdogo wangu anapanda tena Jumatatu na wenzake wanne, nao wameomba makava. Bado mawili sijayapaka nta kwenye mishono.