Ifute faini ya kunyamaza kabla haijaivunja timu yako

Mkuu, ifute faini hiyo leo. Umeandika kwamba timu yako ya Counter-Strike 2, mchezo wa kompyuta wa kupigana kwa bunduki, watano kwa watano, inajiandaa kwa mashindano, kwamba unatafuta maikrofoni za bei nafuu na ratiba nzuri ya mazoezi, na kwamba mchezaji atakayekaa kimya katika raundi atatozwa faini kwa sababu "timu inayoongea ndiyo inayoshinda". Sentensi hiyo naifahamu, maana niliilipia. Aliyeniuzia alijiita kocha, akatutoza ada ya kila mwezi, akaingia kwenye chumba chetu cha sauti na kutuhimiza tuseme kila tunachokiona. Nasi kwa utii wetu tukasema hata tusichokiona.

Fainali ndiyo iliyotuonyesha. Tulikuwa mbele kwa 12 kwa 11, zamu yetu ikiwa ya kulinda, na mshindi ni wa kwanza kufikisha raundi 13. Wapinzani walikwisha kutega bomu katika eneo A la ramani ya Mirage. Wanne wetu tulikuwa tumekufa, naye aliyebaki alikuwa na kifaa cha kutegulia na mpinzani mmoja tu wa kumkabili. Bomu hulipuka baada ya sekunde 40. Mwenye kifaa hulitegua kwa sekunde 5, asiye nacho kwa 10, na ukiliachia katikati unaanza upya. Kila kitu kilitegemea masikio: je, nyayo zinatokea Palace au upande wa Jungle, njia mbili za kuingilia eneo hilo? Mwenzetu hakusikia nyayo zozote, kwa kuwa alikuwa akiwasikiliza marehemu wanne: mmoja akimwambia ategue, wa pili akimwambia asitegue, wa tatu akiulizia nani alitakiwa kulinda Palace, na mimi, nahodha, nikipiga kelele ili wenzangu waache kelele. Akaliachia bomu, akageukia upande usio wenyewe, akauawa kwa nyuma. Ikawa 12 kwa 12, tukafungwa katika raundi za nyongeza, na mwenye duka aliyekuwa akitulipia intaneti akaona afadhali fedha zake azipeleke kwenye timu ya mpira wa miguu, ambako angalau marehemu hawaongei. Kocha wetu alipoulizwa, alieleza kwamba tulishindwa kwa sababu hatukuongea vya kutosha! Ada ya mwezi ule hakuirudisha.

Kanuni yangu ni moja: aliyekufa ana sentensi moja, kisha anazima maikrofoni hadi raundi iishe. Sentensi hiyo ianze na mahali, ifuate idadi, imalizie na madhara, yaani pointi za uhai ulizompunguzia mpinzani: "Palace, wawili, mmoja nimempunguza 80." Mahali patangulie kwa sababu msikilizaji huelekeza silaha pale anapopasikia, ilhali anayeanza na "jamani, huyu ameniotea tu" amekwisha kumla mwenzake sekunde ambazo hazirudi. Ubishi wa nani alikosea usubiri mchezo uishe, na akibaki mmoja hai, asisemeshwe kabisa mpaka aulize mwenyewe.

Mwaka 2016 Valve, mwenye mchezo huu, iliweka sharti katika mashindano yake makubwa kwamba kocha aseme na timu kabla ya mchezo, wakati wa kubadilishana pande, au katika mapumziko manne ya sekunde 30 tu. Walichokuwa wakizuia ni kocha kugeuka mchezaji wa sita. Wa kwetu hata huo uchezaji wa sita hakuufikia. Alikuwa redio ya jirani.

Kama faini umeipenda sana, mtoze marehemu anayeongeza sentensi ya pili. Rekodini sauti za mazoezi yajayo, msikilize raundi mlizopoteza tu, na kila mmoja ahesabu mara alizosikika baada ya kufa. Anza na zako, nahodha.