Kaburi la babu aliyekwenda Bama

SWALI: Babu mzaa baba alichukuliwa Keya (K.A.R., King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki), akavushwa bahari hadi Bama (Burma, leo Myanmar), hakurudi. Tumebaki na karatasi moja ya malipo yenye namba yake na maandishi "36 K.A.R." Kaburi tulitafute wapi? (Msomaji, Songea)

JIBU: Ndugu msomaji, itunzeni hiyo karatasi kama hati ya shamba. Batalioni ya 36 ilikuwa ya Tanganyika, ndani ya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki iliyopigana Bonde la Kabaw mwaka 1944. Baada ya vita, maiti wengi waliozikwa porini na kando ya barabara walihamishiwa makaburi ya Taukkyan, nje ya Yangon.

Anzeni na tovuti ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola. Utafutaji ni bure. Ingizeni namba ya jeshi kwanza, pamoja na herufi zake za mwanzo. Ikikataa, jaribuni tarakimu peke yake. Jina liwe la mwisho, maana ndilo linalopotosha. Karani aliandika alivyosikia: Saidi akawa Saide, Mohamedi akawa Mahomed, L ikageuka R. Wengi waliandikwa jina moja tu, na la baba likawekwa kwenye maelezo ya ziada. Ikibidi, acheni jina wazi, chagueni kikosi na Vita vya Pili vya Dunia, kisha someni orodha nzima mstari kwa mstari. Inachosha, lakini ndiyo njia inayozaa. Sehemu ya nchi pia iacheni wazi, kwa sababu majeruhi walipelekwa India na wengine walifia huko.

Mkimpata, tazameni rejea. Mfano "9. C. 14" ni kiwanja cha 9, mstari C, kaburi la 14. Lakini ikiwa ni Rangoon Memorial (mnara wa ukumbusho; Rangoon ni jina la zamani la Yangon) na neno "Face", yaani upande wa ukuta, lenye namba, kaburi halijulikani: jina limechongwa ukutani, palepale Taukkyan. Familia nyingi huchanganya haya mawili, zikafunga safari kutafuta jiwe lisilokuwepo.

Fungueni na picha za hati zilizo chini ya kumbukumbu yake. Fomu ya kuhamisha maiti, ikiwepo, ina safu ya namba za ramani: hapo ndipo alipozikwa mara ya kwanza. Kama jina lina kosa, Tume hupokea maombi ya kulisahihisha. Ambatanisheni nakala ya karatasi yenu, msitume ya asili.

SWALI: Na babu yake mama, aliyekuwa mpagazi vita vya 1914? (Msomaji huyohuyo)

JIBU: Hapa lazima tuseme ukweli mchungu. Wapagazi wengi hawakuwekewa jiwe wala jina. Sanamu ya Askari ya Dar es Salaam na ile ya Nairobi huwakumbuka kwa ujumla. Ripoti ya Tume yenyewe ya Aprili 2021 ilikiri ubaguzi huo, nayo Tume ikaomba radhi. Kwa hiyo msitegemee tovuti peke yake. Waulizeni wazee njia waliyopita wapagazi, kambi walizolala na ugonjwa uliowaua, mkaandike sasa, na jina la kila aliyesimulia, wakati wangali hai.