Wasichana wa uhandisi na masomo ya mtandaoni: usiishie kwenye matokeo

Mleta mada anasema wasichana wa darasa lake la uhandisi walifaulu sawa na wavulana kipindi cha korona, kwa hiyo haoni pengo linalozungumzwa kati yao. Nilikuwa msaidizi wa maabara ya umeme chuoni kipindi hicho chote, na ni mwanamke. Pengo lilikuwepo. Kwenye karatasi ya matokeo hutaliona.

Shule na vyuo vilipofungwa mwaka 2020, UNESCO ilihesabu wanafunzi zaidi ya bilioni 1.5 duniani walioathirika. Kwa upande wetu nadharia ilihamia mtandaoni bila shida kubwa. Maabara ndiyo iliyokwama. Tukatumia programu za kompyuta za kuigiza saketi, yaani mizunguko ya umeme, na kila kundi la watu wanne likapewa sanduku moja la vifaa. Sanduku lilikaa kwa mmoja wao, wengine wakifuata kwa kamera.

Nani akae nalo, makundi yaliamua yenyewe. Karibu kila kundi la mchanganyiko nililolisimamia, sanduku lilikwenda kwa mvulana na ripoti ikaenda kwa msichana. Sababu zilisikika za busara: huyu ana meza, yule anaandika vizuri. Tukumbuke pia kwamba, kwa takwimu za UNESCO, wanawake ni kama asilimia 28 tu ya wahitimu wa uhandisi duniani. Ukiwagawa darasani, kila kundi la wanne linapata msichana mmoja. Uamuzi ukipitishwa kwa wingi wa sauti, yeye ameshashindwa kabla hajafungua mdomo.

Nakumbuka binti mmoja akimwelekeza mwenzake kwa simu ya video: weka mita kwenye volti, waya mwekundu baada ya rezista (kile kipande kinachozuia mkondo), sasa soma. Saketi aliielewa kuliko aliyeishika. Ripoti yao ilikuwa nzuri sana, na wote wanne wakapata alama zilezile. Chuo kilipofunguliwa nilimpa osiloskopu, kifaa kinachoonyesha umeme kama wimbi kwenye kioo. Alikokotoa muda wa kapasita, kile kipande kinachotunza chaji, kujaa kabla hajagusa chochote, na hesabu ilikuwa sahihi. Kisha akabaki ameshika waya wa kupimia, hajui klipu ya ethi aibane wapi, wimbi linakimbia kwenye kioo na hajui kulituliza. Mwenzake aliyekaa na sanduku alilituliza papo hapo. Aliyekuwa na kichwa chepesi zaidi ndiye aliyeonekana mgeni pale mezani, na iliniuma kwa sababu niliona anaanza kujiona hafai.

Programu ya kuigiza haikuweza kuziba hilo. Ndani yake rezista ya omu 1,000 (omu ni kipimo cha ukinzani) ni 1,000 kamili. Mkononi, yenye mstari wa rangi ya dhahabu inaweza kupungua au kuzidi kwa asilimia 5. Kapasita ya elektrolaiti ukiifunga kinyume, chanya kwenye hasi, huvimba, hata kupasuka, na waya uliolegea hukupotezea saa nzima. Mambo hayo mtu huyajua kwa kuyashika.

Kuna suala la nyumbani pia. Msichana aliye nyumbani huhesabiwa kuwa hana kazi. Kipindi kikiendelea napata ujumbe, "samahani madam, naitwa, narudi", na harudi mpaka tumemaliza. Atatazama rekodi usiku, lakini rekodi haiulizwi swali. Na huyo walau alikuwa na mtandao: takwimu za ITU, shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa, za mwaka 2020 zinaonyesha duniani asilimia 62 ya wanaume walitumia intaneti, wanawake asilimia 57.

Kwa haki niseme kuna kilichowafaa. Wasichana ambao ukumbini hawakunyoosha mkono waliuliza kwa maandishi, tena maswali mazito. Mpaka leo napokea maswali kwa ujumbe hata tukiwa darasani, na siachi.

Kwa hiyo mleta mada, wapeleke maabara. Kila mmoja apewe saketi yake, peke yake, bila ripoti, umtazame anavyoanza. Wanaosita wafungulie maabara nje ya ratiba. Binti yule alihitaji wiki chache tu, baada ya hapo akawa anawaelekeza wengine. Na kama bado mnafundisha nusu mtandaoni, sanduku lizunguke kila wiki, wasichana wasipungue wawili kwenye kundi, na alama za vitendo apewe mtu mmoja mmoja, kamera ikionyesha mikono yake.