Usianze na Sahihi, Anza na Paa

Mwaka juzi mama mmoja aliniletea daftari la michoro hapa Berlin, ninakofanya kazi ya kutengeneza fremu za picha. Alilinunua kwenye soko la vitu vya kale. Ndani mlikuwa na ngome tatu za Japani zilizochorwa kwa penseli, bila sahihi. Pembeni kulikuwa na vipimo vya upenu na namna boriti zinavyoungana, maelezo yake kwa Kijerumani. Hiyo ni kazi ya msanifu majengo. Mama alijua niliwahi kusoma Osaka, akaniuliza: ni ngome zipi, ni mwaka gani, na je, mchoraji ni Bruno Taut, yule msanifu majengo Mjerumani?

Nilianza kwa kosa. Kwenye ukurasa wa kwanza pameandikwa 9.4.12. Hapa Ujerumani mtu husoma 9 Aprili 1912, nami nikamjibu hivyo papo hapo. Usiku ule usingizi ulinipaa, maana mchoro ule ulikuwa wa Osaka, na mnara mkuu ulikuwa umesimama. Mnara wa Osaka uliteketea kwa radi mwaka 1665, na haukuonekana tena hadi ulipojengwa upya kwa zege mwaka 1931. Mwaka 1912 mchoraji angekuta msingi wa mawe mtupu. Kesho yake nilimpigia simu kumwomba radhi.

Tangu hapo jengo ndilo shahidi wangu wa kwanza. Tarehe naisoma baadaye, tena kwa macho ya Kijapani: mwaka hutangulia, kisha mwezi, kisha siku, na mwaka huhesabiwa kwa enzi ya mfalme. Mgeni aliyekaa kule huzoea kuandika hivyo hivyo. Mwaka wa 9 wa enzi ya Meiji ni 1876, wa Taisho ni 1920, wa Showa ni 1934, wa Heisei ni 1997. Mnara wa Osaka unaifuta miwili ya mwanzo. Nikabaki na 1934 na 1997.

Hapo ngome ya pili, ya Nagoya, ikaniokoa. Mnara wake wa mbao uliungua kwa mabomu Mei 1945, ukajengwa wa zege mwaka 1959, na kwa mbali utadhani ni ule ule. Tazama ghorofa ya juu kabisa. Katika ule mpya madirisha yalipanuliwa ili wageni wauone mji. Nilishika lenzi, nikainama juu ya karatasi: chini ya paa la mwisho, wale samaki wawili wa dhahabu wakiwa juu yake, madirisha yalikuwa membamba, yamebanwa. Ni mnara wa mbao. Daftari ni moja, penseli ni moja, kwa hiyo ni 1934.

Ngome ya tatu ilikuwa nyeusi, na mkono mwingine ulikuwa umeongeza neno "Matsumoto". Maandishi ya namna hiyo usiyaamini haraka. Matsumoto ni nyeusi kweli, lakini imesimama tambarare, na ubavuni ina jengo dogo la kutazamia mwezi. Katika mchoro wetu jengo hilo halipo, mto unapita chini, na kona za ghorofa ya chini si za mraba. Ni Okayama, ambayo tako lake lina pembe tano zisizo sawa.

Chunga pia michoro iliyonakiliwa kutoka kwenye postikadi, kwa kuwa hiyo inakupa umri wa postikadi tu. Vipimo vya pembeni ndivyo vilivyonishawishi kwamba huyu alisimama pale mwenyewe.

Kuhusu jina, niliwaondoa wasiowezekana kwanza. Josiah Conder, msanifu Mwingereza aliyefanya kazi Japani, alifariki mwaka 1920, kwa hiyo hayumo. Taut aliingia Japani Mei 1933 na kuondoka 1936, basi mwaka unakubali, lakini mwaka kukubali si ushahidi. Nililinganisha mwandiko na picha za barua zake, herufi kwa herufi, na haukufanana. Yule mama alisononeka, nami nilimwelewa, lakini nisingeweza kumwandikia jina nisilolithibitisha.

Alichagua mchoro wa Osaka utiwe fremu. Nyuma yake nimeandika kwa penseli laini: msanifu hajulikani, Osaka, 12 Aprili 1934.